Mwalimu wa Wenye Mbwa

Jumamosi saa mbili asubuhi, kiwanja kilicho nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni hujaa watu wanaoburutwa na mbwa wao. Fundi magari hufika akihema, jibwa lake jeusi limemkimbiza tangu kona ya duka la vipuri, utadhani yeye ndiye aliyefungwa kamba. Mke wa mchungaji huja na kijibwa cheupe kinachobwekea kila kitu, hata kivuli chake. Mlinzi mmoja mzee wa benki, anayeitwa Mzee Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, huja mapema kuliko wote na kukaa kimya na mbwa wake ubavuni. Mbele yao, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, husimama mwanamke mwembamba wa miaka hamsini, amevaa koti la kaki, mikono ameifumbata nyuma. Wote humwita Mwalimu.

"Leo sifundishi mbwa," huwaambia. "Mbwa wenu wana akili timamu. Nimekuja kuwafundisha nyinyi."

Wageni hucheka, wakidhani ni utani. Wenyeji hawacheki, maana wanajua kinachofuata. Mwalimu hashiki kamba ya mbwa wa mtu. Hata mbwa amwangushe mwenyewe matopeni, yeye atabaki juu ya kreti lake akitazama. Macho yake yako kwenye mikono ya watu, miguu yao na midomo yao, na ulimi wake hauna breki.

"Fundi, umesema 'kaa' mara nne. Mbwa alikusikia mara ya kwanza. Hizo tatu alikuwa anakudharau."

"Mama Mchungaji, hapo unamwamrisha au unamwombea?"

"Wewe baba wa shati la maua, umekasirika. Mbwa ananusa hasira kabla hujafungua mdomo. Nenda kanywe maji, ukirudi tutaongea."

Kisha huwapa kazi ya nyumbani kama watoto wa shule. Kila mmoja ana daftari. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, andika ulifanya nini, mbwa alifanya nini, na ulikosea wapi. Hapo kwenye kukosea ndipo anaposoma kwa makini, na ukiandika kwamba hukukosea popote anakurudishia daftari bila kusema neno. Watu wazima wenye familia na vyeo hutetemeka wakikabidhi madaftari yale. Lakini wanarudi. Fundi magari, aliyekuja mara ya kwanza akitafuta mtu wa kumgawia lile jibwa, siku hizi amepanga matairi mabovu uani kwake, anamrusha mbwa juu yake, na majirani zake wanakuja kujifunza kwake. Mwalimu alipoambiwa hivyo alitingisha kichwa tu, ila siku nzima alionekana mchangamfu.

Watu husema yule mama ana moyo wa upendo. Wanamsingizia. Kiwanja kile kilijengwa kwa chuki, na tofali la kwanza la chuki hiyo lilikuwa mtu mmoja aitwaye Meja.

Meja hakuwahi kuvaa gwanda la jeshi lolote. Jina alijipa mwenyewe, pamoja na kofia ya kepi aliyoinunua mtumbani. Alikuwa na yadi ya mbwa wa ulinzi kando ya barabara kuu, mabanda arobaini, ukuta mrefu, bango kubwa. Wenye mbwa waliwaleta wafundishwe miezi mitatu. Siku ya kumchukua, Meja anatoka na kepi yake, anaamrisha, mbwa analala, anainuka, anatambaa, watu wanapiga makofi. Mbwa akifika nyumbani, mwenyewe akisema "kaa," mbwa anamtazama kama anayetazama mvua. Wiki mbili baadaye anarudishwa yadini. Ndivyo Meja alivyotaka. Hakuna mwenye mbwa aliyeruhusiwa kupita geti la ndani, na mbwa wote walilishwa kwa mkono wa watu wa yadi tu.

"Mbwa akimjua mwenyewe, sisi tutakula nini?" alizoea kusema.

Aliyewafundisha kweli alikuwa Mwalimu. Aliingia pale akiwa na miaka ishirini na minane, kazi yake kuosha sakafu za mabanda. Kabla ya mwaka wa pili kuisha, Meja aligundua kwamba mbwa waliomshinda yeye walimfuata yule mfagiaji kimya kimya, pua zao nyuma ya goti lake. Hakumpandisha cheo. Alimwongezea mabanda. Kwa miaka kumi na minne yeye alifanya kazi tangu alfajiri, na Meja akavaa kepi saa nne wageni wakija. Alivumilia, maana mle ndani alikuwa na Subira.

Subira alirushwa juu ya ukuta akiwa ndani ya gunia, kitoto cha mbwa jike, rangi ya kahawia, mguu mmoja wa nyuma umepinda. Meja alisema atupwe. Mwalimu alimficha stoo, akamkatia nusu ya chakula chake mwenyewe, na miaka mitatu baadaye hapakuwa na mbwa pale yadini wa kumfikia. Ukiinua kidole ukiwa mwisho wa kiwanja, Subira anaganda kama picha. Lakini kidole kiwe cha Mwalimu. Meja alipojaribu kumpa nyama, Subira aligeuza uso, na Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Alijivunia hilo kuliko jambo lolote aliloliweza maishani.

Kisha mama yake Mwalimu akafariki. Aliomba ruhusa, akaenda kuzika, akakaa na ndugu zake siku kumi na mbili. Aliporudi, banda la Subira lilikuwa limeoshwa na kukauka.

"Nimemuuza," Meja alisema bila kushusha gazeti. "Wamemchukua wa ghala la saruji."

"Alikuwa wangu, Meja."

"Alilala wapi? Kilicho ndani ya ukuta huu ni changu. Hata wewe."

Alikwenda ghalani kwa miguu. Mtu wa getini alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia kwamba yule wa kahawia alimng'ata mlinzi, na juzi alidungwa sindano. Juzi. Alirudi yadini, akamwambia Meja. Meja akasema mbwa ni mbwa, na kwamba kuna wengine thelathini na tisa wanasubiri kulishwa. Mwalimu akaweka ufagio chini na kutoka getini, na kwa miaka minane hakukanyaga tena mle ndani.

Miezi ya kwanza aliwaza mambo ambayo hayafai kuandikwa. Aliwaza kiberiti. Aliwaza sumu, akaiacha kwa sababu ya mbwa. Baadaye, siku moja amekaa kwenye duka la ushonaji la mdogo wake akikata nyuzi, akaona pale ambapo Meja angeumia. Meja alikuwa anakula ujinga wa wenye mbwa. Basi yeye angewaondolea ujinga, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mtu abaki na kofia yake.

Ilimchukua miaka minane. Kila Ijumaa jioni alipita nje ya ule ukuta, mahali penye ufa, akahesabu mabanda yenye mbwa. Thelathini na moja. Ishirini na mawili. Kumi na moja.

"Wenzako wanaenda kutazama nguo za madukani," mdogo wake alimtania, "wewe unaenda kutazama mabanda ya watu. Ukifa nitaandika nini juu yako?"

"Andika nilikuwa na subira," alijibu, kisha jina hilo likamchoma.

Yalipobaki manne, bango la Meja lilianguka na hakuna aliyelirudisha juu. Siku hiyo Mwalimu alikula sahani mbili na kulala usingizi mnono. Alidhani amemaliza.

Jumanne moja, mwanamke wa miaka thelathini hivi alisimama kwenye mlango wa duka la ushonaji. Alivaa koti jeupe la wauza dawa, na macho yalikuwa yamevimba. Nje alikuwa ameegesha pikapu ya kuazima, na ndani ya tundu la chuma nyuma yake kulikuwa na mbwa mkubwa wa kijivu, kimya, masikio wima.

"Shikamoo, Mama. Nimeambiwa wewe ndiye Mwalimu."

"Marahaba. Huyo mbwa wa nani?"

Yule binti alisita. "Wa baba. Anaitwa Koplo. Baba ni Meja, wa yadi ile ya barabarani. Najua mlikosana. Sina pengine pa kwenda."

Alieleza akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Baba yake alipatwa na kiharusi miezi miwili iliyopita, upande wa kulia wote umelala. Koplo amejiweka kando ya kitanda na hamruhusu mtu kusogea. Amemng'ata muuguzi. Amemng'ata baba mdogo. Wakimfungia nje anavunja mlango; hata kwenye tundu huingia kwa amri ya baba tu. Daktari wa mifugo wa halmashauri amekuja na kusema maneno mafupi: mwisho wa mwezi atarudi, na asipomkuta mtu mwingine anayeweza kumwamrisha huyu mbwa, atamdunga sindano. Zimebaki wiki tatu.

"Baba hana kingine, Mama. Koplo akifa, na yeye atamfuata."

"Na wewe humwamrishi?"

"Mimi? Nimelelewa kwa bibi, na tangu nirudi ndani ya ukuta ule sijawahi kushika kamba hata siku moja. Baba alisema mkono wangu utamharibia mbwa."

Mwalimu alimtazama mbwa kwenye tundu. Furaha iliyompanda ilikuwa ya aina ambayo mtu huionea haya, lakini yeye hakuona haya hata kidogo. Mwosha huoshwa. Mbwa wa Meja, aliyefundishwa kumjua mtu mmoja tu, anangoja sindano ile ile, na aliyeletewa amwokoe ni yeye. Angekuwa mtu wa sala angepiga magoti.

"Mlete kila asubuhi kiwanjani," alisema. "Wewe utakaa kwenye kigoda, utatazama."

Na hapo alikuwa ameshajua atakachofanya. Asingemdhuru Koplo. Angemfundisha vizuri kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, na binti asingegusa kamba. Siku ya daktari ingefika, binti angeambiwa "mwamrishe," Koplo angemtazama kama anayetazama mvua, na sindano ingetoka mkobani. Hakuna ambaye angemlaumu. Si mbwa alifundishwa? Watu wangekuwa wamemwona akimfundisha.

Siku ya kwanza Koplo alimwonyesha meno. Ya pili akayaficha. Ya tatu alikuwa anatembea nyuma ya goti lake, anaketi kwa kidole, analala kwa kiganja. Binti alikaa kwenye kigoda akipiga makofi na kumwita mama, na kila jioni alimshukuru kwa maneno marefu. Mwalimu aliyapokea yote bila kupepesa. Njiani kurudi nyumbani alihesabu siku kama alivyohesabu mabanda. Alimfikiria Meja amelala chali, anasikia gari la daktari likizimwa nje, anasikia geti. Aliipitia picha hiyo taratibu kila jioni, na kila jioni aliongeza kitu.

Jumamosi ilipofika, wanafunzi wake waliwahi kuliko alivyotarajia, wakamkuta katikati ya kiwanja na Koplo. Madaftari mkononi, walisimama kumtazama. Yule mwanamke wa koti jeupe alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Mwalimu," fundi magari alisema, "leo umeshika kamba."

Wawili watatu walicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Labda huyu ana hali yake maalumu," mke wa mchungaji alijaribu.

"Na wangu je?" fundi akauliza. "Alinivunja kidole, nilikuomba umshike dakika moja tu. Ulinijibuje?"

"Kila mtu amtazame mbwa wake," Mwalimu alisema. Somo la siku hiyo lilikuwa baya, alisahau hata kusoma madaftari, na watu waliondoka wakinong'ona. Binti alibaki kwenye kigoda chake akingoja aambiwe la kufanya. Na Mzee Kofia alibaki pia.

Alikuja polepole mpaka kwenye kreti.

"Mwalimu, nina neno. Ukinikasirikia sawa."

"Sema, Mzee."

"Kabla ya benki nililinda ghala la saruji. Waliwahi kutuletea mbwa jike, wa kahawia, mguu mmoja umepinda. Amefundishwa yule, we acha tu. Lakini sisi hakutujua. Tunamwita, anatutazama kama viti. Chakula hali. Analala pua ameielekeza getini. Siku ya kumi mwenzangu akataka kumhamisha kwa nguvu, akang'atwa. Na haukuwa ukali, ulikuwa woga. Siku ya sindano wote walikataa kumshika. Nilimshika mimi."

Koplo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha Mwalimu.

"Nikawaza, aliyemfundisha huyu mbwa alimpenda kweli kweli. Ila alimfundisha amjue yeye peke yake, na hicho ndicho kilichomuua. Sikumjua mtu huyo, mpaka leo simjui, lakini nilimlaani. Nilipopata mbwa wangu nikasikia kuna mwalimu asiyeshika kamba, nikasema huyo ndiye wangu. Sasa leo nimekuona na huyu, na mwenyewe amekaa pale kama mgeni. Sijapenda. Ndilo hilo tu."

Alivuta kofia yake chini na kuondoka na mbwa wake ubavuni, kamba imelegea kama inavyotakiwa.

Mwalimu alikaa juu ya kreti. Kwa miaka minane chuki yake ilikuwa na kichwa kimoja, na mzee wa watu, bila kujua, alikuwa ameiotesha cha pili. Alikumbuka jinsi alivyocheka Subira alipoikataa nyama ya Meja. Nani alimfundisha kukataa? Alikaa siku ngapi akimwekea nyama kwa mikono ya wengine na kumzuia kwa kidole, mpaka ikawa hakuna mkono mwingine duniani? Meja alimuuza, ndiyo. Lakini mbwa anayewajua watu angekula kwenye lile ghala, angewasikia, angeishi. Nyani haoni kundule. Alijichukia kwa muda, akiwa amekaa pale na jua linampiga shingoni. Kisha akamchukia Meja zaidi kuliko mwanzo, maana ni yeye aliyemfanya alijue hilo.

Halafu akamtazama Koplo. Koplo alikuwa anamtazama yeye, masikio mbele, anangoja kidole. Hakuna kosa lolote alilolifanya huyu kiumbe isipokuwa kufundishwa.

"Binti," aliita. "Inuka hapo. Njoo ushike."

Yule binti aliitazama kamba kama inayouma. Mkono ulimtetemeka, na Koplo akauhisi mtetemo ule ukishuka mpaka kwenye ukosi, akasimama na kunguruma.

"Usimtazame. Pumua. Umeogopa, sawa, ogopa, ila miguu isiogope. Sema mara moja tu, halafu nyamaza."

"Kaa," binti alinong'ona.

"Hivyo ndivyo unavyowaambia wateja waliokuja bila cheti cha daktari?"

Binti akacheka kidogo, akavuta pumzi, na akasema "kaa" kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Koplo alimgeukia Mwalimu. Mwalimu akampa mgongo. Walisimama hivyo muda mrefu, mwanamke mmoja akitazama ukuta wa kiwanda, mwingine akitokwa jasho, mpaka nyuma yake akasikia makalio ya mbwa yakitua mchangani.

Msije mkadhani moyo wake ulikuwa umelainika. Ulikuwa umefanya hesabu nyingine. Mbwa akifa, Meja atalia wiki moja, watu watampa pole, na yatakwisha. Mbwa akiishi, akawa anamsikia mwingine mbele ya macho yake asubuhi na jioni, hiyo ingekuwa adhabu isiyo na mwisho wa mwezi. Hili lilimpendeza zaidi. Alimfundisha yule binti kwa bidii ambayo hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote. Alimwamuru amlishe kwa kiganja, achane manyoya yake, amzungushe sokoni asubuhi. Binti naye, kumbe, alikuwa na kiu ya miaka. Aliandika kurasa nne mahali ambapo wengine waliandika mistari minne. Siku ya kumi alimkosoa Mwalimu kwamba wanamchosha mbwa kwa kurudia zoezi moja, akapendekeza lake, na lake likawa bora.

Wiki ya mwisho walihamia nyumbani kwa Meja, ndani ya ule ukuta, kwa kuwa Koplo alikuwa akiuma mle ndani. Chumba cha Meja kilinuka dawa ya kuoshea sakafu. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, kando yake kiti cha choo na meza yenye vidonge, na kepi ilining'inia kwenye msumari. Meja alikuwa amepungua mpaka shuka lilionekana zito kwake. Jicho la kushoto lilimtambua mgeni mara moja.

"Umekuja kucheka," alisema kwa nusu ya mdomo.

"Nimekuja kazini. Kucheka nitacheka kwangu."

"Utaniharibia mbwa."

"Wewe lala, Meja. Hiyo kazi umeshaimaliza mwenyewe."

Kwa siku sita alilala pale akitazama. Aliona binti yake akimtoa Koplo kando ya kitanda hatua moja, kisha mbili, kisha mpaka kwenye mkeka mlangoni. Alimwona muuguzi, mkono wake bado una bandeji, akisogea na beseni huku mbwa amelala. Kila mara alipojaribu kumwita, binti alimwambia, "Tuko kazini, Baba," na kuendelea.

Daktari wa mifugo alifika Alhamisi asubuhi, mtu mfupi mwenye haraka. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Binti akasema neno moja. Koplo akaenda mkekani na kulala. Muuguzi akamgeuza Meja, akamwosha mgongo, akambadilisha shuka. Daktari mwenyewe akapita karibu na pua ya mbwa mara mbili. Hapo ndipo Meja alipokusanya nguvu zote zilizomo katika nusu ya mdomo wake.

"Koplo. Hapa."

Sauti ilitoka safi kuliko siku zote. Masikio ya mbwa yalisimama. Mwili wote ulitetemeka kwenda mbele, kisha akageuza kichwa na kumtazama binti. Binti hakufanya kitu. Koplo akarudisha kidevu mkekani.

"Huyu haendi popote," daktari alisema, akaandika, akapiga muhuri juu ya meza ya vidonge na kuondoka. Muuguzi alimfuata kumfungulia geti.

Mwalimu alikaribia kitanda. Alikuwa na sentensi aliyoitunza miaka minane, ameipiga pasi kila siku, na huu ndio ulikuwa wakati wake.

"Wangu alikuwa akiitwa Subira," alisema. "Sasa umejua."

Jicho la kushoto lilimtazama. Lilitafuta, lilikwenda kwenye dari, likarudi.

"Nani?" Meja aliuliza.

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa hakumbuki. Mabanda arobaini, mbwa mamia kwa mamia, na yule wa kahawia hakuacha alama yoyote mle kichwani. Mwalimu alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye meno, na haikupata pa kutua. Angemwambia nini? Angeanzia wapi?

Meja alikwisha kumwacha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipiga godoro kando yake, pale Koplo alipozoea kuweka kichwa. Alipiga taratibu, akingoja. Koplo aliinua macho kwa binti.

Mwalimu alijua kilichobaki, maana walikifanyia mazoezi. Binti anasema "nenda," mbwa anaenda, baba anamgusa, somo limekwisha. Alimgeukia. Binti alikuwa amesimama mlangoni, kamba imelegea mkononi, anamtazama baba yake na ule mkono.

"Bado, Baba," alisema. Mara moja, kwa sauti ya chini, bila hasira, kama alivyofundishwa.

Mkono uliendelea kupiga. Chozi lilitoka kwenye jicho zima na kushuka kuelekea sikioni, naye hakuwa na mkono mwingine wa kulifuta. Hiki ndicho Mwalimu alichokitaka, na alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka nacho. Kilikuwa kitamu kwa muda wa pumzi moja. Kisha alijikuta anataka kusema, "Mwachie, mwanangu. Mwachie aende." Maneno yalifika kwenye ulimi. Binti alimgeukia, na usoni hapakuwa na swali. Wiki tatu alikuwa akimtazama Mwalimu kabla ya kila neno, kuuliza kama ni sawa. Leo hakuuliza.

Mwalimu alichukua mkoba wake.

"Umefundisha vizuri," alimwambia.

"Asante, Mama. Jumamosi nitakuja na daftari."

Uani jua lilikuwa kali na mabanda yote arobaini yalikuwa wazi, milango imerudishwa nyuma na kufungwa kwa waya. Alipita katikati yake bila kuyahesabu. Dirisha la chumba lilikuwa wazi pia, na mpaka anafika getini alikuwa bado anausikia mkono ule kwenye godoro.